Ardhi Ikiuzwa kwa Mnada, Nani Hulipwa Kwanza?

Watu wengi wa Migori na Homa Bay wana ardhi yenye hati, lakini ni wachache wajuao jinsi fedha zinavyogawanywa ardhi hiyo ikiuzwa kwa mnada kwa ajili ya deni. Wako wanaodhani kwamba dalali akigonga nyundo, fedha zote huenda kwa mdai, na mwenye ardhi hana neno tena ila kufunga mizigo yake na kuondoka. Wako na wengine wanaodhani kwamba mnunuzi akiisha kulipa bei, shamba au kiwanja ni chake na mambo yamekwisha. Dhana zote mbili si kweli, nazo zimewatia watu hasara. Katika somo hili twataka kueleza fedha za mnada hupita katika mikono gani, na kwa nini kodi ya ardhi, ambayo watu huidharau kwa kuwa ni ndogo, husimama karibu na mlango kabla ya wadai wengine.

KODI IFUATAYO ARDHI

Wazee wetu waliijua kodi ya nyumba na kodi ya kichwa. Kodi hizo zilimfuata mtu mwenyewe. Akihama, zilihama pamoja naye. Zimekwisha kuondolewa zamani, lakini mawazo yake yamebaki, na ndiyo sababu watu hudhani kwamba kila kodi ni ya namna hiyo.

Kodi ya ardhi ni mbali. Hiyo haimfuati mtu, hufuata ardhi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 209, huipa Serikali ya Kaunti uwezo wa kutoza kodi ya mali isiyohamishika. Sheria ya zamani ya kodi hizo, yaani Sura ya 267, ilitumika kwa miaka mingi, na mwaka 2024 Bunge lilipitisha sheria mpya ya nchi nzima. Mtu mwenye kiwanja mjini, kama vile Oyugis, Kendu Bay, Rongo au Awendo, yampasa kuuliza katika ofisi ya Kaunti kama kiwanja chake kimeandikwa katika daftari ya thamani, na kama kinadaiwa.

Tena kuna kodi ya pili, nayo ni kodi ya pango. Hii hulipwa kwa Serikali ya nchi na mtu aliyepewa ardhi kwa miaka iliyohesabiwa, tuseme miaka 99. Watu huchanganya kodi hizi mbili, wakalipa moja na kuisahau nyingine. Mwenye hati ya kukodi mjini huenda akadaiwa zote mbili.

Sheria ya Uandikishaji wa Ardhi ya mwaka 2012, katika kifungu cha 28, husema kwamba deni la kodi ambalo sheria imelifanya kuwa mzigo juu ya ardhi huifunga ardhi hiyo hata kama halikuandikwa katika daftari ya Msajili. Maana yake ni hii: waweza kuitazama daftari ukaiona safi, kumbe ardhi ina deni la miaka kumi.

NJIA MBILI ZA KUFIKA MNADANI

Ardhi hufika mbele ya dalali kwa njia mbili, na yafaa tuzitenganishe.

Njia ya kwanza ni ya korti. Mtu anadaiwa, anashitakiwa, anashindwa, wala halipi. Mdai huiomba korti ikamate ardhi yake na kuiuza. Mdai huyo aweza kuwa mfanya biashara, jirani, au Kaunti yenyewe ikidai kodi zake. Katika njia hii gharama za mnada hutolewa kwanza, kisha hulipwa deni lililotajwa katika hukumu. Wakiwapo wadai kadhaa wenye hukumu ambao wamekwisha kupeleka maombi yao kortini, hugawanyiwa kwa kadiri ya madeni yao. Zikibaki fedha, ni za mwenye ardhi.

Njia ya pili ni ya rehani. Mtu alikopa benki akaweka hati yake rehani, kisha akashindwa kulipa. Hapo benki ina uwezo wa kuuza kwa sheria hata bila ya kushitaki kwanza, ila kwa kufuata masharti. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012, kifungu cha 101, imepanga fedha zigawanywe hivi:

1. Kwanza, kodi na malipo mengine yanayodaiwa juu ya ardhi hiyo.
2. Pili, rehani ya zamani zaidi, kama iko.
3. Tatu, gharama za haki za kuuza.
4. Nne, deni la mwenye rehani aliyeuza.
5. Tano, rehani zilizofuata, kwa zamu zake.
6. Mwisho, zinazobaki hupewa mwenye ardhi.

Tazama vema, msomaji. Benki yenye nguvu, iliyotoa mamia ya maelfu ya shilingi, husimama nyuma ya kodi ya kiwanja. Kwa nini? Kwa sababu kodi hiyo imeshikamana na udongo wenyewe, wala benki haiwezi kumpa mnunuzi udongo usio na mzigo mpaka mzigo huo umetuliwa.

Na katika njia ya korti je? Huko nako kodi haifutwi na nyundo ya dalali. Deni la kodi hubaki limeshikamana na ardhi, nalo huifunga hata ikiwa mikononi mwa mwenye mpya. Kwa hiyo lazima mtu azilipe. Masharti ya mnada ndiyo yaonyeshayo kama zitatolewa katika fedha za mauzo au zitalipwa na mnunuzi juu ya bei yake.

MFANO WA HESABU

Tufanye mfano wa kubuni, ili jambo lionekane. Kiwanja chenye duka kimewekwa rehani benki. Thamani yake sokoni ni Sh. 2,000,000, nacho kimeuzwa kwa bei hiyo hiyo. Kodi zilizolimbikana ni Sh. 180,000. Gharama za mnada ni Sh. 120,000. Deni la benki ni Sh. 1,350,000.

Kaunti itapata Sh. 180,000, zikabaki 1,820,000. Gharama zitachukua 120,000, zikabaki 1,700,000. Benki itachukua 1,350,000. Zinazobaki ni Sh. 350,000, nazo ni mali ya mwenye kiwanja. Si zawadi ya benki, wala si bahati ya dalali.

Sasa tufanye kwamba kiwanja hicho kimeuzwa kwa Sh. 1,500,000 tu. Kodi na gharama zitakula zile zile 300,000. Benki itapata 1,200,000, na mwenye kiwanja atakuwa amepoteza mali yake na bado anadaiwa 150,000. Lakini kama angalilipa kodi zake mwaka kwa mwaka, zile 180,000 zingaliingia katika deni la benki, nalo lingalikwisha, akabakiwa na 30,000 mkononi. Basi hapa twaona kwamba kodi isiyolipwa haimdhuru mtu siku ile inapodaiwa. Humdhuru siku ya mnada, wakati ambapo kila shilingi yahitajiwa.

Sheria imeiangalia bei pia. Kifungu cha 97 humtaka mwenye rehani atafute bei nzuri iwezekanayo, na kabla ya kuuza athaminishe ardhi. Ikiuzwa kwa bei iliyo chini ya thamani ya sokoni kwa robo nzima au zaidi, huhesabiwa kwamba hakutimiza wajibu wake mpaka athibitishe vingine. Katika mfano wetu bei ya 1,500,000 imeifikia robo hiyo, na mwenye kiwanja angekuwa na neno la kusema mbele ya korti.

MUDA ULIOWEKWA

Mnada hauji kama mwizi usiku. Katika njia ya rehani, mkopaji akichelewa mwezi mmoja, benki yaweza kumpa ilani, naye ana siku 90 za kusahihisha kosa. Zikipita, hupewa ilani ya pili ya kuuza, isiyopungua siku 40. Mke au mume wa mkopaji pia yapasa apewe nakala yake. Katika Kanuni za Madalali za mwaka 1997, dalali naye hutoa ilani ya siku 45 ili mwenye ardhi apate kuikomboa, na baada ya tangazo la kwanza katika gazeti lazima zipite siku 14 kabla ya kuuza.

Siku hizo zimewekwa kwa faida ya mwenye ardhi. Lakini watu wengi huziacha zipite, ilani imekunjwa chini ya mto. Mkopaji aweza kulipa na kuikomboa ardhi yake wakati wo wote kabla mnunuzi hajapatana na muuzaji. Nyundo ikiisha kulia, mlango huo umefungwa. Aliyedhulumiwa aweza kudai fidia, walakini kurudishiwa ardhi yenyewe ni jambo gumu sana.

MNUNUZI NAYE AJIHADHARI

Mtu anayekwenda kununua katika mnada wa korti ajue kwamba papo hapo hutakiwa robo ya bei, yaani asilimia 25, na zinazosalia katika siku 15. Akishindwa, mauzo huharibika na ardhi hunadiwa tena. Basi kabla ya kuinua mkono, na aende ofisi ya Kaunti aulize deni la kodi, na kama ni ardhi ya kukodi aulize na deni la pango. Asome masharti ya mnada ajue nani atalipa. Bei iliyo rahisi mnadani huenda ikawa ghali baadaye.

ARDHI YENYE MAKABURI

Hatuwezi kunena habari za mnada katika sehemu hizi bila ya kutaja makaburi. Katika nchi ya Wajaluo boma si mali ya kuuzwa tu. Ndipo walipozikwa wazee, ndipo mtu anapojulikana ni wa nani. Mtaalamu wa Marekani, Parker Shipton, aliyekaa South Nyanza na kuchunguza mambo ya mikopo ya wakulima, alitoa kitabu mwaka 2009 juu ya jambo hili hili, yaani kuweka rehani ardhi ya wahenga. Alionyesha kwamba hati yaweza kumpa mgeni haki ya shamba, lakini majirani na ukoo huweza kumzuia asikae juu yake. Hivyo mdai hana fedha, mnunuzi hana shamba, na jamaa hawana amani.

Wako wanaosema, “Basi makaburi yatatulinda.” Hilo si shauri jema. Deni halifi kwa sababu mnunuzi ameogopa. Faida yake huzidi kukua. Tena viwanja vingi vya mjini havina kaburi hata moja. Ulinzi ulio bora ni kutoweka rehani ardhi ya ukoo bila ya shauri la nyumba nzima, na kutoacha deni dogo likue.

YAPASAYO KUFANYWA

Kwanza, lipa kodi ya kiwanja kila mwaka na utunze stakabadhi. Kama deni limekuwa kubwa, nenda ofisini uombe kulipa kidogo kidogo. Kaunti kadhaa za Kenya zimewahi kusamehe faida iliyolimbikana kwa watu waliojitokeza kulipa deni lenyewe.

Pili, kama hati ingali katika jina la baba aliyekufa, jamaa waende kortini kuomba usimamizi wa mirathi. Ilani nyingi hupelekwa kwa jina la marehemu, naye hawezi kuzijibu.

Tatu, ukipata ilani, isome siku ile ile, andika tarehe, na utafute wakili.

Nne, ardhi yako ikiisha kuuzwa, usiondoke kimya. Dai kwa barua hesabu yote: bei, kodi, gharama, deni, na fedha zinazobaki. Aibu ya mnada imewafanya watu wengi wasirudi kuuliza, na fedha zao zikabaki mikononi mwa wengine. Kuuliza hesabu si utovu wa adabu. Ni haki yako.

Dawa ya deni ni kulipa, ndivyo wasemavyo watu. Sisi twaongeza kwamba yafaa kujua pia ni deni gani lilipwe kwanza, maana sheria imekwisha kulijua.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kodi ya kiwanja na kodi ya pango zinatofautianaje?
2. Katika mauzo ya rehani, kwa nini benki hulipwa baada ya Kaunti?
3. Kiwanja kimeuzwa kwa Sh. 900,000. Kodi ni 60,000, gharama 90,000, deni la benki 700,000. Mwenye kiwanja atapata kiasi gani?

(Jibu la swali la tatu: Sh. 50,000.)