Mwenye nyumba, iko wapi karatasi ya hita?

Kila sifa njema anastahiki Allah (s.w.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na maswahaba zake.

Ndugu msomaji, somo letu la leo si geni kwa mtu yeyote aliyewahi kulala Mbeya au Iringa mwezi wa Juni au Julai. Baridi ya Nyanda za Juu haina mzaha. Mtu anayeamka kwa ajili ya swala ya Alfajiri, naye ana janaba, anayajua vizuri maji ya bomba ya saa kumi na moja. Ndiyo maana dalali wa nyumba katika miji hii, akishataja idadi ya vyumba, haraka huongeza: “Na bafu lina hita.” Kodi nayo hupanda kwa ajili ya hita hiyo.

Swali langu ni moja. Hita hiyo aliifunga nani, na iko wapi karatasi inayoonesha kuwa aliifunga inavyotakiwa?

Nauliza nikiwa nimesimama pande zote mbili. Mbeya mimi ni mpangaji. Nimepanga vyumba viwili maeneo ya Soweto. Iringa mimi na ndugu zangu ni wenye nyumba. Marehemu baba alituachia nyumba Kihesa, nayo ina wapangaji wanne. Nilikuwa mwepesi sana wa kuziona kasoro za mwenye nyumba wangu wa Mbeya, mpaka Allah (s.w.) aliponionesha za kwangu.

Mbeya, bomba la bafuni lilikuwa linatekenya. Ukiligusa ukiwa umelowa unahisi kama sisimizi wanakutembea mkononi. Nilimwendea mwenye nyumba, mzee mwenye heshima zake, nikamwambia. Akanijibu: “Mwanangu, umeme wa nyumba hii waliwasha TANESCO wenyewe. Wasiwasi wako tu huo.” Nilitoka pale nimekasirika, nikawa nampanga mzee wa watu katika kundi la wanaopenda kodi na hawapendi wapangaji.

Haukupita mwezi nikapigiwa simu kutoka Iringa. Mpangaji wetu alisema: “Kaka, mama watoto amepigwa shoti bafuni.” Alhamdulillahi hakufa. Alianguka, akavunjika mkono, akalala hospitali siku tatu. Na mimi, jambo la kwanza lililonitoka mdomoni lilikuwa: “Lakini si TANESCO walishakagua?” Maneno yale yale ya yule mzee. Nilipomuuliza mdogo wangu anayeisimamia nyumba kuwa nani alifunga hita ile, akasema ni kijana aliyeletwa na jirani. Alilipwa siku ile ile, na simu yake haipatikani tena. Hakuna risiti, hakuna jina kamili, hakuna karatasi.

TANESCO inaishia wapi?

Kosa letu, mimi na yule mzee, ni moja, na nadhani wasomaji wengi wanalo. Ni kweli kwamba kabla ya kuwashiwa umeme, mwenye nyumba hutakiwa awe na mkandarasi mwenye leseni aliyefunga nyaya, na mkandarasi huyo huijaza fomu na kuchora mchoro wa kazi yake. Lakini karatasi ile inahusu kile kilichokuwepo siku ile: taa kadhaa na soketi kadhaa. Hita iliyokuja miaka mitano baadaye haimo. Na shirika linaishia kwenye mita; kuanzia hapo kwenda ndani, dhamana ni ya mwenye nyumba. Kuisingizia karatasi ya zamani kazi mpya ni sawa na kuonesha cheti cha kuzaliwa cha mtoto wa kwanza unapoulizwa cha mtoto wa tatu.

Tena hita si taa. Hita ya bomba la mvua, ile inayochemsha maji papo hapo, hula wati 3,500 hadi 5,500. Hiyo ya 5,500 ni sawa na kuwasha taa 550 za wati 10 kwa mara moja. Ukigawa wati hizo kwa volti 230 unapata karibu ampea 24. Waya wa taa kwa kawaida ni wa milimita 1.5 za mraba, na wa soketi ni 2.5. Hita ya namna hii inataka waya mnene zaidi, wa milimita 4 au 6, unaotoka peke yake kwenye sakiti breka yake. Fundi wa njiani huunga kwenye waya wa taa ya bafuni kwa sababu uko karibu. Waya unapata moto ndani ya dari, plastiki yake inalainika kidogo kidogo, na hakuna anayeona mpaka siku ya siku.

Kisha kuna waya wa athi, yaani ule unaoupeleka ardhini umeme uliovuja ili usipite mwilini mwa mtu. Hapa sisi watu wa Nyanda za Juu tuna mtihani wa pekee. Msimu wetu wa baridi ndio huo huo msimu wa ukame. Udongo ukikauka haupokei umeme vizuri, na athi iliyochimbiwa juujuu inadhoofika miezi ile ile ambayo kila mtu anawasha hita. Kwa hiyo athi “iliyokuwa inafanya kazi” mwezi wa Machi si hoja ya kutosha mwezi wa Julai. Dawa yake ni athi iliyozamishwa sawasawa na kupimwa kwa kipimo, pamoja na kifaa kwenye ubao kinachoukata umeme pale unapovuja hata miliampea 30 tu.

Mambo yote haya, unene wa waya, sakiti breka ya peke yake, kipimo cha athi, huwezi kuyaona kwa kuitazama hita ukutani. Unayaona kwenye karatasi. Hiyo ndiyo faida yake.

Sheria inasemaje?

Wengi wanadhani kuwa tangu sheria ya zamani ya kudhibiti kodi za nyumba, ile ya mwaka 1984, ilipofutwa mwaka 2005, mpangaji hana sheria inayomlinda. Sivyo. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999, kifungu cha 88, inaweka masharti juu ya mwenye nyumba hata kama mkataba wenu haukuyaandika. Miongoni mwake ni kwamba nyumba au chumba kinachopangishwa kwa makazi kiwe kinafaa kukaliwa na binadamu siku ya kuanza upangaji, na kiendelee kufaa muda wote wa upangaji. Na pale inapopangishwa sehemu tu ya jengo, vile vifaa vinavyotumiwa na wote ni juu ya mwenye nyumba kuvitunza. Bafu linalopiga watu shoti halifai kukaliwa na binadamu.

Kwa upande wa fundi, Sheria ya Umeme ya mwaka 2008 imeifanya kazi ya kufunga umeme kuwa kazi ya leseni, na leseni hizo hutolewa na EWURA kwa madaraja. Mwambie fundi akuoneshe leseni kabla hajapanda ngazi. Si kumvunjia heshima.

Wenzetu wenye jamaa Uingereza waulizeni. Kule nyumba nyingi hupashwa joto kwa mtambo wa gesi, na kanuni za mwaka 1998 zinamtaka mwenye nyumba aukaguzishe mtambo huo kila baada ya miezi 12 kwa fundi aliyesajiliwa, ampe mpangaji nakala ya karatasi ya ukaguzi ndani ya siku 28, na mpangaji mpya aipate kabla hajahamia. Mpangaji haombi hisani. Karatasi ni haki yake.

Na dini yetu?

Hapana shaka sisi ndio tungepaswa kuwa wa mbele katika hili. Allah (s.w.) ametuamrisha tutimize mikataba (Qur’an 5:1), ametuamrisha tuziandike shughuli zetu za kukopeshana (2:282), na tuzirejeshe amana kwa wenyewe (4:58). Mtume (s.a.w.) alipita sokoni akatia mkono katika lundo la nafaka, akakuta ndani imelowa. Mwenyewe akajitetea kwamba ilinyeshewa. Mtume (s.a.w.) akamhoji kwa nini hakuiweka juu watu waione, akabainisha kuwa anayedanganya si katika sisi. Hadithi hii imo katika Sahihi Muslim. Waya mwembamba uliofichwa nyuma ya vigae vizuri vya bafu una tofauti gani na nafaka ile?

Tena imepokewa na Bukhari na Muslim kuwa nyumba iliungua usiku katika mji wa Madina na wenyewe wakiwa ndani. Habari zilipomfikia Mtume (s.a.w.) akautaja moto kuwa ni adui, akaagiza uzimwe kabla ya kulala. Na katika Sunan Abu Daud kuna mafunzo kwamba anayejitia uganga bila kujulikana kuwa ana elimu hiyo, hubeba dhamana ya madhara yake. Mwenye akili ataona kwamba fundi wa kubahatisha hayuko mbali na hukumu hiyo.

Wanachuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wamelieleza suala la kukodisha nyumba kwa undani. Imam Nawawi katika Minhaj anaweka matengenezo ya nyumba upande wa mwenye nyumba. Asipoharakisha kutengeneza, mpangaji ana khiyari ya kuuvunja mkataba. Anaweka pia kuwa ni wajibu wa mwenye nyumba kumkabidhi mpangaji ufunguo, kwa sababu bila ufunguo hawezi kuipata manufaa aliyoilipia. Mimi si mwanachuoni, lakini nadhani kwa zama hizi karatasi ya hita inakaa mahali pa ufunguo. Mpangaji amelipia maji ya moto. Bila kujua kama hita ni salama, hawezi kuyatumia ila kwa hofu.

Tufanye nini?

Nyumbani kwetu Iringa, kaka yangu alitaka hita ing’olewe, wapangaji warudi kwenye maji baridi, mambo yaishe. Dada yetu akamwambia: “Ukiing’oa, watachemsha kwa jiko la mkaa humo humo ukumbini.” Maneno yake yalikuwa na uzito. Mkaa uliowashwa chumbani, madirisha yakiwa yamefungwa kwa baridi, unatoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na mtu hulala asiamke. Hita za maji za gesi ya mtungi zina hatari hiyo hiyo zikifungwa ndani ya bafu lisilo na bomba la kutolea moshi. Hizo nazo zinaanza kuingia, na wajibu wa mwenye nyumba ni ule ule: fundi anayejulikana, maelezo ya kiwandani yafuatwe, karatasi ibaki.

Tukamwita mkandarasi mwenye leseni. Alivuta waya mpya, akazamisha athi upya, akapima. Kodi ya mwezi mzima ya nyumba yote ililiwa na kazi ile, mbali na gharama za hospitali ambazo tulizibeba wenyewe. Alituachia karatasi yenye mambo haya, nami namshauri kila mwenye nyumba ayadai: jina la mkandarasi, namba na daraja la leseni yake, tarehe na nyumba iliyofanyiwa kazi, aina ya hita na wati zake, unene wa waya na ukubwa wa sakiti breka, matokeo ya kipimo cha athi, sahihi na muhuri. Ibandike pamoja na risiti ya hita. Nakala moja mpe mpangaji na mkataba wake, na kila mwaka kabla ya Juni ipimwe upya.

Nawe mpangaji, uliza kabla hujatoa kodi ya miezi sita. Ukihisi bomba linatekenya, zima hita kwenye sakiti breka siku hiyo hiyo na umjulishe mwenye nyumba kwa maandishi. Na usimlete fundi wako wa kificho kuongeza soketi katika nyumba ya watu; nyumba uliyopanga ni amana mikononi mwako.

Nilirudi kwa yule mzee wangu wa Mbeya na nakala ya karatasi ya Iringa mkononi. Safari hii sikwenda kulaumu. Nilimsimulia yaliyotupata. Aliisoma mara mbili, akauliza namba ya simu ya mkandarasi. Kazi bado haijafanyika. Ameahidi kuwa itakuwa kabla ya baridi kuingia. Mpaka hapo hita yangu nimeizima, na maji ya kuogea nayachemsha jikoni.

Tunamuomba Allah (s.w.) atujaalie kuwa miongoni mwa wanaozitunza amana zao. Wabillahi tawfiq.