Mvua Ikikata Barabara: Petroli na Dizeli Chemba Msimu wa Mvua

Lita ya petroli unayonunua Chemba imetoka bandarini Dar es Salaam, ikapita Morogoro, Gairo na Dodoma, ndipo ikashika barabara ya Kondoa. Machi 2020 mvua ilisomba daraja la Kiyegeya, wilayani Gairo, barabara kuu ikafungwa na malori yakakwama. Kuzungukia Iringa na Mtera ni safari ndefu. Basi pampu ikikauka baada ya mvua kubwa, mara nyingi nchi haijaishiwa mafuta. Lori ndilo halijafika. Litafika. Bei nayo isikutishe: EWURA, mdhibiti wa bei za mafuta, hutangaza bei kikomo kila mwezi, kwa hiyo anayekutoza zaidi ya hapo kwa kisingizio cha mvua anavunja sheria. Dai risiti.

Nani ajaziwe kwanza?

Gari la wagonjwa na pampu ya kisima. Kisima cha pampu ya dizeli kikinyamaza, watu hurudi kuchota makorongoni, kwenye maji yaliyopita vyooni na mazizini, na kipindupindu hakichelewi. Kwa hiyo wasimamizi wa maji wa kijiji wanunue dizeli ya akiba Novemba, barabara zikiwa bado kavu, waihifadhi kwenye pipa lenye kifuniko, kivulini, mbali na kisima. Serikali ya kijiji nayo ikae mapema na vijana wa bodaboda, wakubaliane ni pikipiki zipi mbili au tatu zitakazobaki na tangi limejaa kwa ajili ya mama mjamzito atakayeshikwa na uchungu usiku. Makubaliano hayo hayagharimu kitu, na sisi tunayaona kuwa ya maana kuliko yote yaliyomo humu.

Dumu chini ya kitanda

Uhaba ukinukia tu, watu hujaza petroli kwenye madumu ya mafuta ya kula na kuyaficha chumbani. Tunawaomba msifanye hivyo. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hautoki dirishani, hushuka, hutambaa sakafuni na kupenya chini ya mlango hadi jikoni. Mama akichochea kuni mafigani, moto huufuata mvuke ule ule hadi kwenye dumu, na watoto wamelala juu yake. Pikipiki usiijaze kwa mwanga wa kibatari. Jenereta likae nje, mbali na dirisha, maana moshi wake huua aliyelala bila kumwamsha.

Lori likipinduka

Tarehe 10 Agosti 2019 lori la petroli lilipinduka Msamvu, Morogoro. Watu walikimbilia kuchota, moto ukalipuka, na zaidi ya 100 wakafa. Barabara zikilainika, jambo hilo laweza kutokea hapa Chemba, Paranga au Kelema, tena wakati kila mtu ana kidumu kitupu mkononi. Ondokeni mkielekea upande upepo unakotokea. Zimeni pikipiki na sigara. Pigeni 114, Zimamoto, na mzuie watoto wasisogee mpaka kikosi kifike.