Tajassus: Maana Yake na Mipaka Yake



Kila muhula naulizwa swali hili: anayefungua simu ya mwenzake wa chumbani ili ajue anaandikiana na nani, kisha amnasihi, naye amekatazwa? Si nia yake ni njema?

Tuanze na neno lenyewe. Katika Suratul-Hujurat, aya ya 12, Allah (S.W.) amekataza tajassus. Asili yake kwa Kiarabu ni kupapasa kwa mkono, kama tabibu anavyopapasa mshipa ili ajue hali ya mgonjwa. Jasusi na ujasusi yametoka katika mzizi huohuo. Shida ni kwamba hapa Kampala tukisikia jasusi tunafikiria mambo ya serikali, na aya inatupita. Neno lililo karibu zaidi na maisha ya hosteli ni kujidukiza: kujiingiza katika jambo la watu bila kuitwa. Anayetega sikio mlangoni, anayesoma ujumbe juu ya bega la mwenzake, hao ndio.

Tazama mpangilio wa aya: kwanza dhana, kisha tajassus, kisha kusengenya. Mtu hapekui simu ya mwenzake kabla ya kumdhania, na akishaona kitu hakimkai kifuani. Jioni hiyohiyo kimeshakuwa lugambo.

Na nia njema je? Amepokea Sahl bin Sa'd, katika Bukhari na Muslim, kwamba mtu mmoja alichungulia tunduni katika chumba cha Mtume (S.A.W.), naye Mtume ameshika kitana akijikunia kichwa. Alimkemea vikali, akamweleza kuwa kuomba idhini kumewekwa kwa ajili ya jicho. Katika mapokezi hayo sioni mahali mtu yule alipoulizwa nia yake. Simu leo ni chumba, na nywila ndiyo mlango.

Kukataza maovu kunahusu yaliyodhihiri. Umeyaona bila kuyatafuta, mnasihi faraghani. Al-Mawardi ameruhusu kufuatilia pale mtu mwaminifu anapoleta habari kwamba kuna anayetaka kuua. Kujua nani anampenda nani hakumo humo.

Ila wapo waliolipindua katazo hili. Mwenzao haonekani msikitini siku tatu, hali chakula, nao wanasema hawataki kujidukiza. Nabii Yaaqub (A.S.) alipowatuma wanawe wamtafute Yusuf na nduguye, Qur'ani (12:87) imetumia tahassus, ambalo kwa maandishi ya Kiarabu linaachana na tajassus kwa nukta moja tu. Kweli, hadithi imekataza na tahassus pia, pale inapokuwa ni kutegea maneno ya watu. Lakini ile ya Yaaqub ni ya kumtafuta ndugu aliyepotea, na kugonga mlango ukauliza, “Ndugu yangu, u mzima?” kunaingia humo.