Picha Imepotelea Wapi? Kuchunguza Hitilafu katika Waya wa HDMI

Chombo kinapokataa kufanya kazi, mtu hukilaumu kile anachokitazama. Ndivyo inavyotokea televisheni nzima ikapelekwa kwa fundi, au amplifaya yenye miaka mingi ya kazi mbele yake ikauzwa kwa bei ya kutupa, ilhali hapakuwa na chombo chochote kilichoharibika. Kilichokosekana ni maelewano baina ya vyombo. Somo hili linahusu vyombo vitatu vinavyounganishwa kwa nyaya mbili: kisanduku cha kutiririsha, ambacho hupokea filamu kupitia intaneti, amplifaya ya sinema ya nyumbani, ambayo huichukua sauti kwa ajili ya spika zake na kuipitisha picha mbele, na televisheni yenyewe. Kwa mwanafunzi wa fizikia mfumo huu ni maabara ndogo, kwani kila kosa lake huacha alama inayosomeka.

Na ichukuliwe hali ifuatayo. Nyumba fulani ina amplifaya iliyotengenezwa mwaka 2012, ambayo bado ni njema. Inanunuliwa televisheni mpya ya 4K pamoja na kisanduku kipya. Kisanduku kinaunganishwa na amplifaya, amplifaya na televisheni, kama kijitabu kinavyoelekeza. Menyu inaonekana vizuri. Filamu inapochaguliwa, skrini inakuwa nyeusi na spika zinanyamaza. Fundi wa kwanza anasema televisheni ni mbovu. Wa pili anasema nyaya ni za bei ya chini mno. Jirani anashauri amplifaya itupwe. Kila mmoja ametoa hukumu kabla ya kusikiliza ushahidi.

Hodi, jina na ufunguo

Kanuni za HDMI zilitolewa mara ya kwanza mnamo Desemba 2002 na kampuni saba, zikiwemo Hitachi, Philips, Sony na Toshiba. Kichwa cha waya wake kina pini 19. Pini 12 za kwanza ni za picha na sauti, na nyingine saba ni za mazungumzo na umeme mdogo. Watu wengi huudhani waya huu kuwa bomba ambalo picha huingia upande mmoja na kutokea upande wa pili. Dhana hiyo ndiyo chanzo cha makosa mengi ya uchunguzi, kwa sababu katika HDMI hakuna picha inayosafiri kabla vyombo havijazungumza.

Mazungumzo huanza kwa hodi. Kisanduku hupeleka umeme wa volti 5 katika pini ya 18, na televisheni hujibu “karibu” kwa kuipandisha volti ya pini ya 19. Baada ya hapo kisanduku huisoma, kupitia pini ya 15 na ya 16, orodha fupi ambayo televisheni imeiweka katika kumbukumbu yake. Orodha hiyo huitwa EDID. Sehemu yake ya kwanza ina baiti 128 tu, na sehemu nyingine za ukubwa huo huo huweza kufuata. Humo televisheni hujieleza: mtengenezaji wake, idadi ya pikseli inazoweza kuonyesha, fremu ngapi kwa sekunde, na sauti za aina gani. Kisanduku huchagua cha kupeleka kwa kuitazama orodha hiyo. Ikisomwa vibaya, kisanduku hujiwekea tahadhari na kupeleka picha hafifu, au rangi zisizofaa, au sauti ya njia mbili badala ya sita.

Hatua ya tatu ni ya ufunguo. Wenye filamu hawapendi kazi yao inakiliwe njiani, kwa hiyo picha hufichwa kwa hesabu za siri ziitwazo HDCP, zilizobuniwa na kampuni ya Intel. Kila chombo katika mnyororo hutakiwa kuthibitisha kwamba kinazijua hesabu hizo. Filamu za 4K kwa kawaida hudai toleo la 2.2, ambalo kanuni zake kwa HDMI zilitolewa mwaka 2013.

Amplifaya iliyo katikati hufanya kazi ya mshenga. Huipokea hodi ya kisanduku, husoma maelezo ya televisheni, huongezea humo habari za spika zake yenyewe, kisha hupeleka yote nyuma kana kwamba ni habari za mtu mmoja. Ufunguo nao hupita mikononi mwake. Mshenga asiyeijua lugha mpya huivunja posa ingawa pande zote mbili ziko tayari.

Hapo ndipo ilipo siri ya ile skrini nyeusi. Amplifaya ya mwaka 2012 haiwezi kujua ufunguo uliotolewa mwaka 2013. Menyu haina cha kuficha, kwa hiyo hupita. Filamu ya 4K hudai ufunguo mpya, mshenga haujui, na kisanduku hukataa kuitoa. Visanduku vingine hukataa kwa adabu zaidi: huishusha picha hadi mistari 1080 bila kumwambia mtu. Mwenye nyumba huweza kuishi miaka mingi akiamini kwamba anatazama 4K aliyoilipia. Kosa la namna hii ni baya kuliko skrini nyeusi, maana skrini nyeusi angalau husema kweli.

Kuukata mnyororo

Hitilafu hiyo ingegunduliwa vipi na mtu asiyejua lolote juu ya HDCP? Kwa kubadilisha kitu kimoja, kimoja tu, na kuandika kilichotokea. Mnyororo una viungo vitano: kisanduku, waya wa kwanza, amplifaya, waya wa pili, televisheni. Jaribio la kwanza ni kuiondoa amplifaya na kukiunganisha kisanduku moja kwa moja na televisheni kwa waya wa kwanza. Filamu ikionekana, kisanduku, waya ule, televisheni na hata huduma ya intaneti vimeachiliwa huru kwa jaribio moja la dakika mbili. Wanaobaki chini ya shaka ni amplifaya na waya wa pili. Jaribio la pili ni kuuweka waya wa pili mahali pa ule wa kwanza. Filamu ikionekana tena, amebaki mmoja.

Hapa panatakiwa uangalifu. Tundu la televisheni nalo ni sehemu ya jaribio. Televisheni nyingi zina matundu matatu au manne ambayo hayalingani uwezo, na mengine hayapokei 4K kamili mpaka yaruhusiwe katika menyu ya mipangilio. Anayebadilisha waya na tundu kwa pamoja amebadilisha vitu viwili, na jibu atakalopata halimwambii ni kipi kilichosababisha. Ni kosa lile lile la mwanafunzi anayebadilisha urefu wa timazi na uzito wake katika jaribio moja, kisha akataka kueleza muda wa mbembeo.

Baada ya umeme kukatika na kurudi, mara nyingine vyombo vyote huamka kwa pamoja na hodi hubishwa kabla ya mwenyeji kufika mlangoni. Dawa yake ni kuvichomoa vyote vitatu kutoka kwenye umeme kwa dakika moja hivi, kisha kuwasha televisheni kwanza, ikifuatiwa na amplifaya, na mwisho kisanduku. Msikilizaji awe macho kabla msemaji hajaanza. Mafundi wengi hufanya hivyo kwa mazoea tu, bila kujua kwamba wanaupanga upya utaratibu wa pini ya 18 na ya 19.

Biti yenye urefu wa sentimita tatu

Kuna hitilafu nyingine isiyo ya mazungumzo bali ya waya wenyewe, na hesabu zake zinafaa sana darasani. Picha ya 4K ina pikseli 3840 kwa upana na 2160 kwa kimo, yaani pikseli 8,294,400. Pamoja na nafasi tupu zinazoachwa baina ya mistari na baina ya fremu, upana huhesabiwa kuwa 4400 na kimo 2250. Kwa fremu 60 kila sekunde, idadi ni 4400 × 2250 × 60, yaani pikseli milioni 594 kwa sekunde. Kila pikseli ina rangi tatu, na kila rangi husafiri katika jozi yake ya nyaya kwa biti 10. Jumla ni gigabiti 17.82 kwa sekunde. Ndiyo maana toleo la 2.0 la HDMI, la mwaka 2013, liliwekewa kikomo cha gigabiti 18, wakati toleo la 1.4 la mwaka 2009 liliishia 10.2.

Katika jozi moja hupita gigabiti 5.94 kwa sekunde, na kila biti hudumu sekunde 168 za sehemu ya milioni ya milioni. Ishara ikichukuliwa kwenda katika waya kwa theluthi mbili za mwendo wa nuru, yaani kilometa 200,000 kwa sekunde, biti moja hukalia sentimita 3.4 tu za waya. Ndani ya waya wa meta mbili mna biti zipatazo 60 zinazofuatana wakati wowote. Kwa picha ya mistari 1080, yenye robo ya wingi huo, biti ina urefu wa karibu sentimita 13.5. Waya huo huo uliohudumia picha ya zamani miaka kumi bila lawama unaweza basi kushindwa na 4K, hasa ukiwa mrefu au umekunjwa vibaya, kwani ishara hudhoofika zaidi kadiri marudio yake yanavyopanda.

Waya unaoelemewa hujitambulisha kwa vidoti vyeupe vinavyometameta juu ya picha, au kwa picha inayopotea kwa sekunde moja mbili na kurudi. Kipimo chake ni rahisi: mipangilio ya kisanduku ishushwe hadi mistari 1080. Vidoti vikitoweka, mshtakiwa wa kwanza ni waya. Ubora unaotakiwa ni waya uliothibitishwa kwa gigabiti 18 na mfupi kadiri iwezekanavyo. Dhahabu katika kichwa cha waya huzuia kutu, haiongezi uzuri wa rangi. Biti ama imefika ama haikufika. Nyaya ndefu zinazotumia nyuzi za nuru ndani yake huwa na upande wa chanzo na upande wa televisheni, na zikigeuzwa hazitoi picha yoyote.

Hitilafu za waya zisichanganywe na za intaneti. Filamu ya 4K hufika nyumbani ikiwa imebanwa, kwa kiasi cha megabiti 15 hivi kwa sekunde, na kisanduku ndicho kinachoikunjua. Ndani ya waya wa HDMI basi hupita mzigo unaozidi huo mara elfu na zaidi. Picha inayosimama huku kiduara kikizunguka, au inayogeuka vipande vya mraba, imeharibika kabla ya kuufikia waya huo. Kununua waya mpya kwa sababu ya kiduara ni sawa na kubadilisha bomba la jikoni kwa sababu mto umekauka.

Kuiokoa amplifaya

Amplifaya ya mwaka 2012 haina sababu ya kutupwa. Kisanduku kiunganishwe na televisheni moja kwa moja, ili picha isimpitie mshenga, kisha sauti irudishwe kutoka kwenye televisheni. Tangu toleo la 1.4 la HDMI kuna njia ya kurudisha sauti iitwayo ARC. Waya huchomekwa katika tundu lililoandikwa hivyo kwenye vyombo vyote viwili. Kwa vyombo vingi njia hiyo haifunguki mpaka CEC iruhusiwe, yaani yale mawasiliano ya pini ya 13 yanayowezesha rimoti moja kuviamuru vyombo vyote. Pini hiyo ni mwendo wa kobe, kama biti 400 tu kwa sekunde, ndani ya waya ule ule wa mabilioni.

Pasipo ARC, hubaki waya wa nuru ambao Toshiba iliutoa mwaka 1983. Mwisho wake ukionyesha nuru nyekundu, televisheni inatoa sauti. Spika mbili za mbele zikilia na nyingine zikanyamaza, si lazima spika ziwe mbovu. Njia hii iliwekewa nafasi ya sauti mbili zisizobanwa: sampuli 48,000 × biti 16 × 2, ambazo ni megabiti 1.536 kwa sekunde. Sauti sita zisizobanwa zingetaka megabiti 4.608, nazo hazitoshei. Lakini sauti sita zilizobanwa kwa Dolby Digital hazizidi kilobiti 640 na hupita kwa raha. Televisheni basi iamriwe kuipitisha sauti kama ilivyofika, bila kuikunjua.

Kwa walimu wanaotafuta swali la darasani, hili linafaa. Mtu anaona vidoti vyeupe juu ya menyu ya kisanduku, lakini filamu ikianza, kisanduku kinabadili mwendo kuufuata wa filamu, na picha inakuwa safi kabisa. Menyu huonyeshwa kwa fremu 60 kwa sekunde, filamu kwa 24. Kwa fremu 24 upana pamoja na nafasi tupu huhesabiwa 5500 na kimo 2250. Wanafunzi wakizidisha watapata pikseli milioni 297 kwa sekunde, nusu kamili ya zile milioni 594: gigabiti 8.91 badala ya 17.82, na biti yenye urefu wa sentimita 6.7.