SOMO LA BUSTANI YA UANI: MVUA NA NDOO

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, ateremshaye mvua kwa kadiri atakayo. Na sala na salamu zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baad:

Mtu wa pwani amezoea mvua mbili, masika na vuli. Lakini akenda kukaa Singida hukuta mvua ni moja tu: huanza Novemba au Desemba, ikakoma Aprili au mwanzo wa Mei. Miezi iliyosalia ni kiangazi. Basi mwenye bustani nyuma ya nyumba yake huko na ayaangalie majira, kwani ndani yake imo hukumu ya sheria.

Mvua zianzapo, udongo hulainika, ikatiwa mbegu ya mtama, mahindi na kunde. Februari ua wote huwa kijani, na maboga hutambaa hata ukutani. Julai usiku ni baridi, mtama umekwisha kukatwa, yamebaki mabua. Oktoba ardhi hupasuka, wala hakisalii kibichi ila tuta linyweshwalo kwa ndoo. Asiyejua husema ardhi ile imekufa. Na Mola wetu ameitaja hali hiyo katika Sura Fussilat, aya ya 39, kuwa ni dalili ya kufufuliwa wafu.

Ama hukumu yenyewe ni hii. Nafaka iliyooteshwa na mvua, zaka yake ni ushuri, fungu moja katika kumi. Iliyonyweshwa kwa taabu ya mkono, ni nusu ya ushuri, fungu moja katika ishirini. Iliyopata mvua na ndoo sawasawa, ni robo tatu za ushuri. Hivyo ndivyo Mungu alivyomhurumia mwenye kuchota maji. Bali atoaye nusu ya ushuri kwa mtama ulionyweshwa na mbingu, amezuia haki ya maskini.

Katika madhehebu ya Shafii zaka hii ni ya chakula kikuu kiwekekacho, kama mtama, mahindi na kunde. Mchicha na vitunguu havimo. Wala haiwajibiki mpaka zitimie wasaki 5, ambazo wengi wa zama hizi hukadiria kuwa karibu kilo 650. Ua mdogo haufiki hapo peke yake. Lakini mtama wa uani na wa shambani, ukiwa wa mwaka mmoja na wa mtu mmoja, hujumlishwa.

Wala asingoje Ramadhani ndipo atoe. Mwaka wa mwezi hupungukiwa na siku kama 11 kwa mwaka wa jua. Kwa hiyo Ramadhani mara huangukia mvuani, mara kiangazini. Zaka ya nafaka hutolewa ikishavunwa, ikakaushwa na kupepetwa.

Na ambaye mavuno yake hayakutimia asihuzunike: waliwacho na ndege katika mimea ya Muislamu huandikiwa sadaka.

Wallahu aalam.