Mali Ikiuzwa, Hurudishwa: Haki za Mnunuzi Kariakoo

Katika maduka mengi ya Kariakoo, Dar es Salaam, kuanzia Mtaa wa Kongo hadi Msimbazi, ukutani au chini ya risiti huandikwa: mali ikishauzwa hairudishwi. Wateja wengi huyachukua maneno hayo kama amri ya serikali. Anayerudi na feni isiyozunguka huonyeshwa tangazo, naye huondoka amenywea.

Tangazo hilo linamfaa muuzaji pale tu mteja anapobadili mawazo: rangi haimpendezi tena, au ameona bei nafuu duka la pili. Kitu kikiwa kibovu, bandia au tofauti na mlichokubaliana, mambo ni mengine. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inayotumika Tanzania Bara tangu enzi za Mwingereza, huingiza ahadi ndani ya mauziano hata kama muuzaji hakutamka neno. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 ikaongeza ulinzi kwa mlaji, yaani anayenunua kwa matumizi yake mwenyewe.

Ahadi nne zisizotamkwa

Ahadi hizo zimo katika vifungu vya 14 hadi 17 vya Sura ya 214.

*Umiliki.* Muuzaji anaahidi kwamba ana haki ya kuuza. Ukinunua simu ikabainika ni ya wizi, mwenyewe atairudisha mikononi mwake, na wewe unamdai aliyekuuzia fedha zako zote.

*Maelezo.* Bidhaa lazima ifanane na ilivyoelezwa. Ahadi hii ina uzito kwa mteja wa Mbeya au Mwanza anayeagiza kwa picha ya WhatsApp na kutumiwa mzigo kwa basi. Ukiahidiwa belo la mitumba la gredi ya kwanza, ukifungua ukakuta gredi ya tatu, muuzaji amevunja mkataba.

*Ubora na kufaa kwa kazi.* Mfanyabiashara anayeuza bidhaa za aina fulani anaahidi kuwa zina ubora wa kuuzika: pasi ipate moto, betri itunze chaji. Zaidi ya hapo, ukimweleza kazi unayotaka kuifanya na ukategemea utaalamu wake, anaahidi kuwa kitu hicho kitaiweza. Kwa hiyo usiishie kutaja chapa tu, kwa maana sheria inampa muuzaji upenyo pale mteja anapoomba kitu kwa jina lake la kibiashara. Sema: “Kaka, kisima changu kina urefu wa mita 40, nataka pampu ya kupandisha maji hadi tenki la juu. Hii itaweza?” Akijibu itaweza, jibu hilo linambana.

*Sampuli.* Ukionyeshwa kipande cha kitambaa au kigae kimoja, mzigo mzima lazima ulingane nacho, na upewe nafasi ya kuulinganisha.

Ahadi hizi hazitegemei kadi ya waranti. Waranti ya miezi 12 ni nyongeza ya mtengenezaji au duka, na kuikosa hakufuti wajibu wa muuzaji. Vilevile, akikwambia “nenda kwa wakala wa kampuni”, mkumbushe kwamba fedha zako alizipokea yeye.

Mahali haki inapopungua

Ukikagua bidhaa kabla ya kulipa, huwezi baadaye kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi ule ulipaswa kuionyesha, kama kioo kilichopasuka. Kasoro iliyojificha bado ni mzigo wa muuzaji. Na ukinunua kwa mtu binafsi anayeuza simu yake tu, ahadi ya ubora haipo kwa kawaida, kwa sababu biashara hiyo si kazi yake.

Jambo linalowaponza wengi ni kuchelewa. Haki ya kukataa bidhaa na kudai fedha zote hupotea ukishaipokea kwa maana ya kisheria: umemwambia muuzaji umeridhika, umeitumia kama mmiliki, mfano kukata kitambaa au kumuuzia mwingine, au umekaa nayo muda mrefu bila kusema. Baada ya hapo unabaki na fidia ya hasara. Sheria inakupa miaka 6 ya kufungua madai ya mkataba mahakamani, lakini nafasi ya kurudisha mali hupimwa kwa muda unaostahili kulingana na bidhaa yenyewe, na kwa kitu kama simu muda huo ni mfupi.

Winga, duka na risiti

Kariakoo ina mawinga, vijana wanaokudaka barabarani, wakaingia duka hili na lile kukutafutia bidhaa na kuongeza chao juu ya bei. Wengi ni waaminifu, lakini bidhaa ikigoma, duka litasema halikujui na winga hatakuwepo. Kabla ya kulipa, jua muuzaji ni nani: ingia dukani, lipa kwa namba yenye jina la duka, chukua risiti ya duka hilo.

Risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kodi, si ya mamlaka ya mapato (TRA) peke yake, ni ushahidi wako. Kataa risiti pungufu. Ukilipa 450,000 na kuandikiwa 100,000, siku ya kudai utasumbuka kuthibitisha zile 350,000. Ikiandikwa “bidhaa” bila maelezo, omba pia karatasi yenye mhuri, aina ya kitu na namba yake. Kwa simu, bonyeza *#06#, tuma namba ya IMEI kwenda 15090, na linganisha jibu na simu uliyoshika. Mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ilizima simu bandia mwezi Juni 2016, na hasara iliwaangukia waliozishika.

Kikigoma, fanya hivi

1. Acha kukitumia, wala usikipeleke kwa fundi. Akikifungua, muuzaji atasema fundi ndiye aliyeharibu. Piga picha au video ya kasoro.

2. Rudi dukani mapema ukiwa na risiti na boksi. Sema wazi unataka nini: fedha, kubadilishiwa au kutengenezewa.

3. Akikataa, mwandikie ujumbe unaotaja tarehe, bei, kasoro na siku ya mwisho ya kujibu, na uutunze.

4. Peleka malalamiko Tume ya Ushindani, maarufu FCC, hasa kama bidhaa ni bandia au ulidanganywa. Bidhaa isiyokidhi viwango, ikiwemo chakula na vipodozi, iripoti kwa shirika la viwango, TBS.

5. Ukitaka fedha zako kwa amri ya mahakama, uliza Mahakama ya Mwanzo kama dai lako limo ndani ya kiwango chake. Kesi huko huendeshwa kwa Kiswahili.

Mfanyabiashara anayenunua ili auze tena asitegemee ulinzi wa mlaji, lakini Sura ya 214 inamhusu kikamilifu. Naye akumbuke kwamba mteja wake wa rejareja atamdai yeye, kwa hiyo atunze risiti za jumla ili aweze kumdai aliyemuuzia.

Mnunuzi, taja kazi ya kitu kabla hujalipa, dai risiti yenye bei kamili, na kikiwa kibovu kirudishe bila kungoja wiki ijayo. Ukionyeshwa tangazo ukutani, onyesha risiti yako na udai haki yako kwa adabu.