Jalidi ya Januari: Majina ya Misimu ya Pwani na Mwelekeo wa Hali ya Hewa katika Nchi ya Chai

Utangulizi

Mwanafunzi yeyote wa Kiswahili huweza kuikariri misimu ya mwaka bila taabu: kaskazi, masika, kipupwe na vuli. Majina haya yalizaliwa pwani, miongoni mwa mabaharia, wavuvi na wakulima waliozisoma pepo za Bahari ya Hindi ili wajue siku ya kutweka tanga na siku ya kupanda. Leo Kiswahili ni lugha ya taifa na lugha rasmi ya Kenya kwa mujibu wa Katiba ya 2010, na majina hayohayo huwafikia watu ambao maisha yao hayategemei bahari hata kidogo. Makala haya yanachunguza jinsi majina hayo yanavyofaa, na yanavyopotosha, katika nchi ya chai ya Kericho na Bomet. Hoja yetu ni kwamba jina la msimu hubeba ndani yake hali ya hewa ya mahali lilipozaliwa. Likihamishwa bila maelezo, linaweza kumnyima mkulima onyo alilolihitaji.

Majina na pepo zake

Kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki, takriban Desemba hadi Machi, na kwa mtu wa pwani huo ni wakati wa jua na joto. Kusi huvuma kutoka kusini-mashariki katikati ya mwaka, na bahari huchafuka. Masika ni mvua kubwa za Machi hadi Mei, na vuli ni mvua za Oktoba hadi Desemba. Kipupwe, kuanzia Juni hadi Agosti, ni kipindi cha ubaridi baada ya masika: joto hupungua, na mkazi wa Malindi au Lamu hupata nafuu.

Wataalamu wa hali ya hewa wameyapa majina haya kazi mpya. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa mwelekeo wa masika, wa vuli na wa kipupwe. Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya, yenye makao yake Dagoretti Corner, Nairobi, hutoa mwelekeo wa Machi hadi Mei, wa Juni hadi Agosti na wa Oktoba hadi Desemba. Tangu 1998 wataalamu wa nchi za Pembe ya Afrika wamekuwa wakikutana kabla ya misimu ya mvua ili kulinganisha makadirio yao. Sayansi hiyo ikishatoka mkutanoni, humfikia mwananchi kwa maneno tu, na hapo ndipo sisi wanafunzi wa lugha tunapokuwa na wajibu.

Nchi ya chai ina kalenda yake

Mashamba mengi ya chai ya Kericho na Bomet yako kwenye miinuko ya takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Halijoto hupungua kwa kadiri ya nyuzi sita hivi kwa kila mita 1,000 za kupanda, kwa hiyo peke yake kimo hicho chatosha kuitenga Kericho na Mombasa. Isitoshe, upande wa magharibi liko Ziwa Viktoria na upande wa mashariki uko Msitu wa Mau. Hewa yenye unyevu kutoka ziwani hukutana na pepo za mashariki juu ya miinuko hiyo, mawingu hupanda, na alasiri mvua hunyesha kwa ngurumo. Mara nyingi huwa mvua ya mawe. Eneo hili linajulikana duniani kwa wingi wa mvua hiyo, na katika miaka ya 1960 na 1970 yalifanywa majaribio ya kuipunguza kwa kupulizia mawingu kemikali.

Tokeo la mpangilio huu ni kwamba mvua hainyeshi kwa misimu miwili iliyotenganishwa na ukavu, kama vitabu vyetu vya shule vinavyodokeza. Hunyesha takriban kila mwezi. Juni hadi Agosti mvua huendelea, pamoja na ukungu na mawingu mazito, na michai huchipua polepole kwa sababu ya baridi. Kipupwe cha huku, basi, ni cha maji na ubaridi kwa pamoja. Ukavu, kwa kiasi unavyokuwepo, huja Desemba hadi Februari.

Jalidi katika kiangazi

Hapa ndipo penye kiini cha mjadala wetu. Mtu akiulizwa ni mwezi gani chai ya Kericho huunguzwa na baridi, atajibu haraka: Julai, kwani ndio mwezi wa kipupwe. Jibu hilo lina mantiki ya pwani. Ilhali jalidi, yaani umande ulioganda juu ya majani, huhofiwa zaidi katika miezi ya ukavu. Mnamo Januari 2012, kwa mfano, jalidi iliharibu chai katika maeneo ya magharibi ya Bonde la Ufa, Kericho ikiwamo.

Sababu yake ni nyepesi kueleweka. Mawingu ya Julai hufanya kazi ya blanketi: huzuia joto la ardhi lisipotee usiku. Januari anga likiwa jeupe na hewa ikiwa kavu, joto la mchana hupaa lote baada ya machweo. Hewa baridi, kwa kuwa ni nzito, huteremka mabondeni na kutuama huko kama maji. Alfajiri majani ya michai ya bondeni huwa meupe. Jua likishayapiga hugeuka rangi ya kahawia, na mkulima hungoja wiki nyingi, pengine miezi, kabla ya kuchuma tena.

Neno kiangazi lina uhusiano na anga na angaza. Uangavu huohuo wa anga unaoleta jua kali mchana ndio unaoleta jalidi usiku. Anayetangaza kwamba “kiangazi kinaendelea” amesema kweli, lakini msikilizaji husikia joto tu. Mkulima wa Konoin mwenye michai bondeni, na mchumaji anayelipwa kwa kilo, hawakuonywa.

Tatizo huzidi tunapotafuta jina la kitu chenyewe. Jalidi ni neno sanifu lakini wengi hawalijui. Wengine husema theluji, ambayo huanguka kutoka mawinguni, au barafu, ambalo ni neno pana mno. “Baridi kali” haitoshi, kwa sababu baridi kali ipo hata Julai na haiunguzi majani.

Wastani ni nini?

Neno jingine la kuangaliwa ni wastani. Kitaalamu, mvua ya wastani ni kiasi kilichokokotolewa kutokana na kumbukumbu za miaka 30 za mahali husika, kama vile 1991 hadi 2020. Katika mazungumzo ya kawaida, “ya wastani” ni ya kadiri, isiyozidi wala kupungua mahitaji. Wastani wa Kericho, ambako mvua hukaribia milimita 2,000 kwa mwaka, ungekuwa gharika kwa mkulima wa nchi kavu. Mwelekeo unaosema “chini ya wastani” kwa Bomet hauna maana ya ukame. Waweza kumaanisha tu kwamba mvua zitapungua, na kwamba mkulima achague kwa uangalifu siku ya kuweka mbolea, udongo ungali na unyevu.

Mapendekezo

Hatusemi majina ya pwani yatupwe. Ni hazina ya lugha. Tunapendekeza yaambatane na mambo matatu: miezi, mahali, na jambo litakalotokea. Badala ya “kiangazi kitaendelea Januari”, taarifa ingesema: “Januari kutakuwa na ukavu na jua kali mchana. Usiku anga litakuwa jeupe, na jalidi, yaani umande ulioganda, yaweza kuunguza chai mabondeni alfajiri.” Taarifa hii ni ndefu kidogo, lakini kila sehemu yake inamwambia mtu jambo la kufanyia uamuzi.

Hitimisho

Msamiati wa misimu ni kumbukumbu ya watu waliotazama anga lao kwa makini. Kuuheshimu urithi huo ni kufanya walivyofanya wao: kulitazama anga la mahali tulipo, kisha kulitafutia maneno. Kiswahili kimepanda hadi miinuko ya chai. Inafaa kijifunze na baridi ya huko.

Maswali ya mjadala

1. Taja majina ya misimu katika lugha yako ya kwanza. Je, yanalingana na kaskazi, masika, kipupwe na vuli?
2. Kati ya jalidi na “umande ulioganda”, ni lipi lifaalo zaidi kwa redio? Toa sababu.
3. Andika taarifa ya maneno 50 ya mwelekeo wa Juni hadi Agosti kwa wakulima wa chai wa Bomet bila kutumia neno wastani.